Tuingie Mbogani, Tuyaandike Majina Yaliyosahauliwa



Kusini magharibi mwa jiji la Nairobi, katika mtaa wa Karen, ipo nyumba ya mawe yenye paa la vigae na veranda inayotazama Milima ya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi kutoka Uswidi, Åke Sjögren, na kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Mbogani. Leo ni Makumbusho ya Karen Blixen. Wageni kutoka Ulaya, Marekani na Asia huitafuta hata kabla hawajafungua mizigo yao hotelini. Sisi wenyewe, tulio mwendo mfupi tu wa matatu kutoka hapo, wengi wetu hatujawahi kuvuka lango lake. Ninaandika kuwaomba muingie. Kisha nina ombi jingine, kubwa kuliko hilo, kuhusu nyumba nyingi za namna hiyo ambazo hazina lango, hazina mlinzi, na hazina mtu wa kuzitaja.

Najua jibu la kwanza litakalonijia, kwa sababu nimelisikia mara nyingi na sidhani ni jibu la kijinga. Hiyo ni nyumba ya mzungu, watu husema. Babu zetu walifukuzwa kwenye ardhi, wakalimishwa ardhi hiyohiyo, na sasa mnataka tulipe kodi ili paa la aliyewalimisha lisivuje? Anayeuliza hivyo ana haki ya kujibiwa bila kubezwa. Jibu langu ni kwamba nyumba ile haikuwahi kuwa ya mzungu peke yake hata siku moja. Mawe yake hayakujichonga. Maji ya kuogea hayakujichemsha, na kahawa haikujipalilia. Tukiiacha ianguke, mlowezi hatapoteza kitu: amekwisha kuandikwa vitabuni na kuchezwa kwenye filamu. Watakaopotea ni wale wengine, ambao mahali pekee walipoacha alama ya mikono yao ni pale.

Tuangalie ilivyokuwa. Karen Blixen, ambaye baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha ya shamba hili, aliwasili kutoka Denmark mwaka 1914 akaolewa Mombasa na Bror Blixen, Mswidi. Walikaa kwanza katika nyumba nyingine ndogo zaidi upande wa Mbagathi, na mwaka 1917 wakahamia Mbogani. Ndoa ilivunjika, mume akaondoka, na kuanzia mwaka 1921 mwanamke huyo aliliendesha shamba peke yake hadi alipofilisika na kurudi kwao mwaka 1931. Kwa maelezo yake mwenyewe, shamba lilikuwa na ekari 6,000. Ekari 600 hivi zilipandwa kahawa, sehemu ilikuwa msitu, na ekari zipatazo 1,000 zilikaliwa na maskwota, yaani familia za Wakikuyu zilizoruhusiwa kujenga, kulima na kufuga kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba.

Sharti hilo lilikuwa sheria. Amri ya mwaka 1918 kuhusu Waafrika wanaoishi kwenye mashamba ya walowezi ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka. Kabla yake, sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilikuwa imeifanya ardhi yetu kuwa mali ya Taji la Uingereza, na ile ya mwaka 1915 ikampa mlowezi uwezo wa kuikodi kwa miaka 999. Wamaasai, waliokuwa ng'ambo ya mto uliopakana na shamba hilo, walikuwa wamehamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Juu ya hayo ilikuwepo kodi ya kibanda, iliyowasukuma watu kutafuta fedha taslimu kwa kazi ya kibarua. Kipande kikaanza kuning'inizwa shingoni mwa kila mwanamume, ndani ya kikasha cha chuma, kikieleza ametoka kwa nani na analipwa kiasi gani. Machi 1922, Harry Thuku alipokamatwa kwa kuyapinga mambo haya, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akauawa miongoni mwao. Wakati huo kazi ya kahawa ilikuwa ikiendelea Mbogani, umbali wa safari ya asubuhi moja tu kutoka hapo.

Mtoto wa shule anaweza kukariri miaka hii yote akafaulu mtihani, asielewe hata kidogo ilikuwaje kuishi ndani yake. Mpeleke kwenye ile veranda. Mwambie asimame pale alipokaa bibi mwenye shamba, kisha ashuke uwanjani asimame pale aliposimama mtu aliyekuja kuomba ruhusa ya kwenda kuzika mama yake. Karibu na nyumba ilikuwepo meza iliyotengenezwa kwa jiwe la kinu cha kusagia, na Blixen anaeleza katika kitabu chake kwamba alikaa nyuma ya meza hiyo kila alipokuwa na shauri na watu wa shamba. Upande mmoja alikuwa yeye. Upande wa pili walikuwa wote wengine, mmoja baada ya mwingine, kwa miaka kumi na zaidi. Mwalimu hahitaji hotuba ndefu akiwa na mahali kama hapo.

Na watu wenyewe walikuwa wa kila namna, jambo linalonifanya niipende zaidi historia ya mahali hapa. Farah Aden, Msomali, ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba, mshika fedha na mshauri wa kila siku. Bila yeye shamba lile lingefungwa mapema zaidi. Pooran Singh, fundi chuma Mhindi, alitengeneza magurudumu na majembe. Wakikuyu walilima, Wamaasai walipita na mifugo, na kazi nzima ya kuelewana ilibebwa na Kiswahili. Tunapenda kuamini kwamba lugha yetu ilipanda bara kwa misafara ya biashara na kwa shule peke yake. Ukweli ni kwamba ilikomaa pia jikoni na kwenye mistari ya kahawa, kati ya watu waliotupwa pamoja bila kuulizwa, na jiko la Mbogani ni mojawapo ya mahali hapo.

Kamante Gatura alifika pale akiwa kijana mdogo wa kuchunga mbuzi, miguu imejaa vidonda. Dawa za bibi zilishindwa, akapelekwa hospitali ya misheni ya Waskoti, akarudi amepona. Kisha akawa mpishi, na mpishi hodari mno: Mwana wa Mfalme wa Uingereza alipokula Mbogani mwaka 1928, chakula kilitoka mikononi mwa Kamante. Ni mmoja kati ya wachache sana waliopata nafasi ya kusimulia upande wao. Masimulizi yake yalichapishwa mwaka 1975, na ukiyasoma sambamba na kitabu cha Blixen unatambua jinsi nyumba moja ilivyokuwa na maisha mawili chini ya paa lilelile. Wa pili kama yeye simjui. Waliochuma, waliofua, waliokesha wakizima moto kiwanda cha kahawa kilipowaka mwaka 1923, hao majina yao hayamo kwenye kibao chochote nilichokiona.

Kuna kisa kimoja ambacho, kwangu mimi, peke yake kinatosha kuitetea nyumba hii isiguswe. Kinyanjui wa Gathirimu alikuwa chifu mkuu aliyewekwa na utawala wa Kiingereza juu ya Wakikuyu wa eneo lile, na alizoeana na Mbogani kwa miaka mingi. Alipokuwa kitandani akikaribia kufa, mwaka 1929, watu walitaka kumpeleka hospitali ya misheni. Hakutaka. Alimwita Karen Blixen, na alipofika akamwomba amchukue kwa gari lake, ampeleke Mbogani akafie pale. Blixen alikataa. Alikuwa amelemewa na matatizo ya shamba, akaogopa lawama endapo mzee angefia mikononi mwake. Kinyanjui akapelekwa hospitalini, akafa huko. Haya hatukuyapata kwa adui wa Blixen. Ameyaandika mwenyewe, na unaona kabisa kwamba yalimsumbua.

Simama mbele ya mlango ule ukikijua kisa hicho. Urafiki wa wakati wa ukoloni ulikuwa na kizingiti, na kizingiti chenyewe bado kipo, unaweza kukigusa kwa mguu. Mgeni alikaribishwa kunywa, kushauriwa, kuchezewa ngoma uwanjani, lakini siku ya haja ya mwisho mlango haukufunguka. Ngũgĩ wa Thiong'o alikishutumu vikali kitabu cha Blixen, akisema kwamba mapenzi ya mwandishi huyo kwa Waafrika yalifanana na mapenzi ya mtu kwa wanyama wake. Wapo wanaodhani kwamba shutuma hiyo ni sababu ya kuitupa nyumba. Naona kinyume kabisa. Shutuma nzito namna hiyo inahitaji ushahidi, na ushahidi huwekwa mahali pa usalama hadi kesi iishe. Kesi hii bado haijaisha. Wajukuu wetu wataisikiliza upya kwa masikio yao.

Jinsi nyumba ilivyonusurika pia ni somo. Kahawa haikustawi vizuri kwa urefu ule wa zaidi ya futi 6,000 juu ya usawa wa bahari, ukame ulirudi mara kwa mara, na bei zilipoanguka deni likalimeza shamba. Mnunuzi alikuwa Remy Martin, aliyeligawa viwanja, na ndivyo ulivyozaliwa mtaa wa kitajiri tunaouona leo. Maskwota waliambiwa waondoke. Waliomba wasitawanywe, wahamishwe pamoja na ng'ombe wao na majirani zao, na Blixen, hili nalo ni haki kulisema, alihangaika ofisi kwa ofisi hadi serikali ikawapa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Uhuru ulipokuja, serikali ya Denmark iliinunua nyumba ikaikabidhi Kenya kuwa zawadi, na kwa miaka kadhaa eneo lile likawa chuo cha lishe. Filamu iliyotokana na kitabu cha Blixen ilipotengenezwa mwaka 1985, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yakaitaka nyumba, na mwaka 1986 ikafunguliwa kwa umma.

Kwa maneno mengine, Mbogani iliokolewa na kitabu, na zawadi, na filamu. Nyumba nyingine hazina hata kimoja kati ya hivyo.

Hapa ndipo ombi langu kubwa linapoanza. Nendeni Nyandarua, Nakuru, Laikipia, Trans Nzoia. Nendeni Uasin Gishu, ambako makaburu kutoka Afrika Kusini walifika na magari yao ya kukokotwa na maksai mwaka 1908, na ambako wazee bado wanauita mji wa Eldoret Sikisti Foo kwa sababu ya namba ya kiwanja cha mlowezi. Kati ya mwaka 1962 na miaka michache baada ya Uhuru, mpango wa kugawa ekari milioni moja uliyanunua mashamba ya walowezi na kuweka humo familia zipatazo 35,000. Mashamba mengine yalinunuliwa na vyama vya ushirika na kampuni za wananchi waliochanga shilingi kwa shilingi. Ardhi iligawanywa, lakini nyumba ya mlowezi haigawanyiki. Basi ikawa darasa, au zahanati, au ofisi ya chifu, au ghala la pareto na mahindi. Katika baadhi ya vijiji, kizazi kizima cha wasomi kilijifunza kusoma katika chumba ambacho mama zao walikuwa wakikipiga deki wakiwa wamepiga magoti. Niambieni ni kumbukumbu gani ya Uhuru iliyo wazi kuliko hiyo.

Nyumba hizo zinakufa sasa, na hazifi kwa uzee. Nyumba ya mawe inaweza kukaa miaka mia mbili ikiwa kichwani iko kavu na miguuni iko kavu. Kinachoua ni mfereji wa paa uliong'olewa ukauzwa chuma chakavu. Maji yanashuka ukutani, mchwa wanapanda, mbao za sakafu zinang'olewa kuni, na misimu michache ya mvua baadaye kuna ukuta uliobaki peke yake katikati ya mahindi, unaopunguzwa jiwe moja moja kujengea choo. Mahali pengine hatari ni mapenzi yasiyo na maarifa. Kamati ya shule inapata fedha kidogo, inamleta fundi, fundi anapiga saruji juu ya ukuta wa zamani uliounganishwa kwa udongo au chokaa. Saruji inafungia unyevu ndani, na ukuta unaanza kuoza ukiwa umependeza. Mafundi wa Lamu na Mombasa wamejua siku zote kwamba ukuta wa chokaa unataka chokaa. Tuwaite wafundishe bara.

Ninawaomba wazee wa kamati za shule na wenyeviti wa vyama vya ushirika: kabla hamjabomoa chochote, rudisheni kwanza mfereji wa maji na zibeni paa. Hiyo ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote na ndiyo inayookoa zaidi. Kama kubomoa hakuepukiki, basi pigeni picha kila chumba, kila mlango, kila jiko, na muandike kilikuwa kinatumikaje na nani. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga, na mali hii haina daftari hata moja.

Ninawaomba wenye mashamba binafsi, mliorithi au kununua nyumba hizi kwa jasho lenu halali: hakuna anayekuja kuwanyang'anya. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamwezesha waziri kulitangaza jengo la kihistoria katika Gazeti rasmi la serikali ili lilindwe, na nyumba kubaki mikononi mwako si kizuizi cha kuitambua. Peleka habari kwa Makumbusho ya Kitaifa kabla paa halijaanguka, maana jengo likiwa kifusi hakuna tangazo linaloweza kulisimamisha.

Kwa wawakilishi wa wadi na magavana neno langu ni fupi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti shughuli za utamaduni, zikiwemo makumbusho. Hamhitaji kungoja Nairobi. Kaunti iliyokuwa sehemu ya mashamba ya walowezi iwe na orodha ya nyumba hizo, na kwenye orodha kuwe na safu ya waliozijenga na waliozifanyia kazi, si safu ya mwenye hatimiliki tu.

Wengine watauliza kwa nini tusitumie fedha hizo kwa majengo yetu wenyewe. Lakini Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16, Waingereza wakaifanya gereza, na hatujawahi kusikia Mmombasa akisema ibomolewe. Ni ya Mombasa. Seli za Kapenguria walimofungwa Jomo Kenyatta na wenzake watano zilijengwa na mkoloni ili ziwe aibu yetu, nasi tukazifanya makumbusho. Tulijua kufanya hivyo kwa ngome na kwa gereza. Nyumba ya shambani ni jambo lilelile, ila ndani yake walikuwemo watu wengi zaidi, na kwa miaka mingi zaidi, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto ambao gereza halikuwahusu. Yaya aliyelea watoto wa mlowezi huku wa kwake wakilelewa na bibi yao hana mnara popote. Jiko alimochemsha maziwa ndilo lililobaki.

Nao wasimamizi wa Makumbusho ninawaomba, kwa heshima na kwa shukrani kwa kazi ya kuitunza Mbogani hadi leo, watoe kwa jiko na nyumba za wafanyakazi uzito uleule wanaoipa sebule. Mgeni akitoka pale akimjua bibi na rubani aliyekuwa mpenzi wake tu, hajaonyeshwa nyumba nzima. Pawepo chumba kimoja cha watu wa shamba, chenye majina, na sheria ya siku 180 ibandikwe ukutani mahali mtoto anapoweza kuisoma.

Majina hayo hayako ofisini. Yako kwenu. Yako Dagoretti, Riruta, Ngong, Kikuyu, na popote walikotawanyikia wajukuu wa maskwota wale. Mzee aliyezaliwa shamba lilipokuwa likiuzwa mwaka 1931 amekwisha kupita miaka tisini sasa, na hao wamebaki wachache. Watoto wao, hata hivyo, walisimuliwa. Wanajua nyapara alikuwa nani, nani alifukuzwa kwa kosa gani, nyumba ya babu ilikuwa upande gani wa mto, wimbo gani uliimbwa wakati wa kuchuma.

Basi wikendi moja ya likizo ijayo, mchukue mzee wa ukoo wenu, mpeleke Mbogani au kwenye nyumba yoyote ya mlowezi iliyo karibu nanyi. Mwache atembee mwenyewe, mwache aseme. Washa simu yako imrekodi, na umuulize majina, la kwanza, la baba, la mama. Ukirudi, andika nakala mbili: moja ibaki kwenu, nyingine ipeleke Makumbusho ya Kitaifa au maktaba ya kaunti yako, ikiwa na jina lako na namba yako ya simu juu yake, ili atakayetaka kuuliza zaidi akupate.